Shabaha ni ya Nani? Uhakiki wa Istilahi za Bunduki ya Kuwindia

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba bunduki fulani ina shabaha, na husemwa vilevile kwamba mwindaji fulani ana shabaha. Neno ni moja, na katika mazungumzo hapana hasara. Lakini neno hilo likiingia katika mwongozo wa matumizi, katika hati ya ununuzi wa serikali, au katika ushahidi wa mahakamani, umoja wake hugeuka kuwa kasoro, kwa sababu mambo yaliyofichwa ndani yake ni matatu, na kila moja lina mwenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi zinazotumiwa kuieleza bunduki ya kuwindia ya namna moja tu, yaani ile yenye mti wa mbao na komeo la kuvutwa kwa mkono. Swali letu ni hili: je, istilahi hizo zinamsaidia mtu aliyetakiwa kuichagua?

Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la wawindaji peke yao. Sivyo. Ni kweli kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwamba Tanzania nayo iliufunga mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Hata hivyo bunduki za namna hii ziko mikononi mwa watu wengi wasiowinda kwa starehe: askari wa wanyamapori, maafisa ugavi wanaozinunua, watunza ghala wanaozipokea, na makarani wanaoziandikisha. Tena, Tanzania ilitunga sheria mpya ya kudhibiti silaha na risasi mwaka 2015, na mwaka 2021 ikabadili sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mfasiri wa leo, basi, hana tena ruhusa ya kuliacha neno gumu katika Kiingereza na kupita njia. Atakalolichagua litasomwa na hakimu.

Mambo matatu ndani ya neno moja

Tuanze na hilo neno shabaha. Chukua bunduki, uifunge imara juu ya meza, upige risasi tano katika karatasi iliyo umbali wa mita 100. Yawezekana matundu matano yakawa karibu karibu, mahali pamoja, lakini pembeni mwa alama. Yawezekana pia yakatawanyika kuizunguka alama, moja juu, moja chini, moja kushoto. Asiyejua ataisifu bunduki ya pili, kwa kuwa tundu lake moja limeikaribia alama. Ajuaye ataichagua ya kwanza bila kusita. Kosa la bunduki ya kwanza liko katika kilengeo, na kilengeo hurekebishwa kwa dakika chache. Kosa la bunduki ya pili liko katika bunduki yenyewe, na hapana kilengeo kitakachoweza kuliponya.

Vitabu vingi vya Kiswahili vinavyogusa habari hizi hutumia neno usahihi kwa hali zote mbili. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo msomaji anapopotea. Usahihi ni kupatana na kilicho kweli, na bunduki ya kwanza haikupatana na alama. Kwa hiyo kwa maana ya neno hilo bunduki iliyo bora inaitwa isiyo sahihi. Tunapendekeza mambo haya yatengwe. Sifa ya bunduki ya kurudia kupiga mahali pamoja iitwe uthabiti, na alama ionekanayo ya sifa hiyo, yaani kundi la matundu katika karatasi, iitwe mkusanyo. Kazi ya kukipatanisha kilengeo na mahali risasi inapofikia iitwe urekebishaji wa kilengeo. Ustadi wa mtu uitwe ulengaji. Shabaha ibaki kuwa kile kinacholengwa, kama ilivyo katika usemi wa kulenga shabaha.

Faida ya kutenga haiishii katika kamusi. Ripoti inayosema kwamba bunduki kumi hazina shabaha yaweza kusababisha bunduki kumi njema zitupwe, au askari kumi stadi walaumiwe. Ripoti inayosema kwamba mkusanyo ni mwema lakini kilengeo hakijarekebishwa humpeleka fundi moja kwa moja mahali pa kazi.

Kwa kutaja mkusanyo, yafaa pia tutaje kipimo chake. Watengenezaji hupima kwa pembe, na pembe hugawanywa katika nyuzi, na kila nyuzi katika dakika 60. Dakika moja ya pembe, kwa umbali wa mita 100, ni kama sentimita 2.9, kwa mita 200 ni kama sentimita 5.8. Hesabu hii ni rahisi na mwalimu wa sekondari aifahamu. Lakini mfasiri akiandika kwamba kiwanda kinaahidi “bunduki ya dakika moja”, msomaji ataelewa kwamba inatayarishwa kwa dakika moja, au kwamba inapiga kwa dakika moja. Maneno mawili tu, ya pembe, yangemwokoa. Hatuna ugomvi na neno dakika, maana ni la hisabati na limekwisha kukubaliwa. Ugomvi wetu ni na ufupisho unaoiga ufupisho wa lugha nyingine.

Hapa pia inafaa mnunuzi aonywe juu ya idadi. Mkusanyo wa risasi tatu huweza kuwa mdogo kwa bahati. Mkusanyo wa risasi tano, ukirudiwa, hausemi uongo kwa urahisi. Na kwa kuwa mwindaji hutegemea zaidi risasi ya kwanza, inayotoka katika mtutu uliopoa, ni muhimu kujua kama risasi hiyo ya kwanza huangukia pale pale siku hadi siku. Mtutu mwembamba ukipata moto huweza kuhamisha risasi zinazofuata. Hilo si kosa kubwa katika uwindaji, ila hati ya ununuzi ieleze kwamba majaribio yalifanywa kwa mtutu baridi au kwa mtutu moto.

Mti, kitako na mkao

Sehemu ya pili ya uhakiki wetu inahusu mbao. Katika tafsiri nyingi ile sehemu yote ya mbao huitwa kitako. Kitako, au tako la bunduki, ni neno la zamani na ni zuri, lakini maana yake ni ile ncha ya nyuma inayoegemezwa begani. Katika bunduki tunayoizungumzia, mbao ni kipande kimoja kinachoanzia begani, kikapita chini ya mkono, kikaubeba mtambo, na kuendelea mbele chini ya mtutu. Tazama basi sentensi hii, ambayo tumeitunga wenyewe lakini kila mfasiri ataitambua sura yake: “Hakikisha kwamba mtutu haugusi kitako.” Kwa msomaji wa Kiswahili sentensi hiyo ni kichekesho, kwani mtutu na kitako viko pande mbili za bunduki na havikutani kamwe. Lakini onyo lenyewe ni miongoni mwa maonyo makubwa kuliko yote kwa mwenye kuchagua bunduki yenye mbao.

Sababu yake mafundi seremala wote wanaijua. Mbao ni kitu kinachokunywa unyevu na kuutoa. Huvimba na kusinyaa, tena kwa kukatisha nyuzi zake zaidi kuliko kwa kufuata nyuzi. Bunduki iliyorekebishwa kilengeo Dar es Salaam wakati wa masika, kisha ikapelekwa Dodoma au Ruaha katika kiangazi, imebadili hali ya hewa yake kabisa. Ikiwa mbao yake itapinda kidogo na kuusukuma mtutu upande mmoja, risasi itakwenda upande mwingine, na mwindaji atajilaumu bure. Kwa ajili hiyo mafundi wengi huacha nafasi ndogo kati ya mtutu na mbao. Mnunuzi huipima nafasi hiyo kwa kupitisha noti ya karatasi chini ya mtutu kutoka mbele hadi karibu na mtambo. Wako mafundi wengine wanaouacha mtutu uguse mbao mahali pamoja, karibu na ncha, kwa makusudi. Basi hapo jambo la kuangaliwa ni kama mguso huo ni sawasawa pande zote mbili.

Tafsiri zinazofuata Kiingereza neno kwa neno huuita mtutu wa namna hiyo “mtutu unaoelea”, na kazi ya kuukalisha mtambo ndani ya mbao huitwa “matandiko”. Tunazikataa istilahi hizi mbili. Kinachoelea kwa Mswahili kiko majini au angani, nacho huyumba. Na mtutu unaoyumba ni kasoro, si sifa. Matandiko ni shuka na mito, au ya punda. Mafundi wetu wana neno lao tayari: mlango ukiingia vizuri katika fremu husema umekaa, ulimi ukiingia vizuri katika tundu lake husema umekaa. Kwa hiyo tunapendekeza mkao wa mtambo, na kitenzi chake kukalisha. Na kwa ule mtutu tunapendekeza mtutu ulioachiwa nafasi. Ni maneno matatu badala ya mawili, lakini hayahitaji maelezo.

Kwa sehemu yote ya mbao tunapendekeza mti wa bunduki, ambao utagawanyika katika kitako kwa nyuma, shingo pale mkono unaposhika, na mkono wa mti kwa mbele. Tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba siku hizi iko miti ya bunduki isiyokuwa ya mbao, bali ya plastiki na nyuzi za kioo. Hilo halitutishi. Kalamu asili yake ni tete la mwanzi, na leo yatengenezwa kwa chuma na plastiki bila mtu kulalamika; kasiba nayo, jina la kale la mtutu, asili yake ni mwanzi vilevile. Jina huishi muda mrefu kuliko kitu kilicholizaa. Pingamizi la pili ni kwamba mpini ungefaa zaidi. Lakini mpini ni wa kushikia tu, kama wa jembe au wa kisu. Mti wa bunduki hushikwa, na zaidi ya kushikwa hubeba mtambo na kupokea nguvu yote ya kurudi nyuma.

Kuhusu aina ya mbao, kuna mtego mwingine. Mbao iliyosifiwa tangu zamani kwa kazi hii ni ya mjozi, kwa sababu ni ngumu bila kuwa nzito mno, huchongeka vizuri, na ikikaushwa ipasavyo haipindi kwa urahisi. Mti wapaswa kuitwa mjozi, na mbao yake mbao ya mjozi. Mfasiri akiandika “mbao za jozi” atakuwa amesema, kwa masikio ya wengi, mbao mbilimbili. Herufi moja imeangusha maana.

Mnunuzi asidanganywe na madoadoa na mawimbi ya rangi katika mbao. Uzuri huo ufaa katika kitako. Katika shingo, ambapo mti ni mwembamba na nguvu ya kurudi nyuma hupita, nyuzi zinatakiwa ziende moja kwa moja kufuata urefu wa shingo. Zikiikata shingo kwa mshazari, hapo ndipo mti utakapopasukia. Tena aangalie kama mbao imepakwa mafuta au vanishi mahali pote, hata ndani ya mfereji wa mtutu na chini ya bamba la kitako. Unyevu hauchagui upande uonekanao. Seremala aliyezoea mninga, ambao umesifiwa kwa kutopinda, hatahitaji kuambiwa haya mara mbili; ila atahitaji kuambiwa kwa maneno yake.

Komeo na bolti

Sasa tuingie katika chuma. Sehemu inayovutwa kwa mkono ili kufungua, kutoa ganda, kuingiza risasi na kufunga huitwa na wafasiri wengi bolti. Kiingereza kina neno moja kwa kifaa cha kufungia mlango na kwa chuma chenye hesi kinachokazwa kwa nati. Kiswahili kilipolikopa neno hilo kilichukua maana ya pili tu. Mswahili akisikia bolti huiona spana. Na msiba ni kwamba bunduki hii ina bolti za kweli, zile zinazoubana mtambo katika mti, ambazo zikilegea uthabiti wote hupotea. Kwa hiyo agizo la “kaza bolti” na agizo la “vuta bolti” yamekutana katika ukurasa mmoja, na askari mgeni wa kazi atashindwa kujua lipi ni lipi.

Lakini tunalo komeo. Hufunga mlango kwa kusukumwa na kufungua kwa kuvutwa, na ndivyo kifanyavyo chombo hiki katika bunduki. Bunduki ya komeo ni istilahi ambayo mtoto wa darasa la nne ataifahamu akishika bunduki mara moja. Wala kitu chenyewe si kigeni kwetu. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walianza vita vya mwaka 1914 wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya komeo inayotumia baruti ya moshi. Wenzao wa upande wa Waingereza walikuwa na Lee-Enfield, nayo ya komeo. Watu waliosema Kiswahili wameishi na chombo hiki zaidi ya miaka mia moja.

Mauser ya mwaka 1898 ndiyo iliyoweka mfano ambao bunduki nyingi za kuwindia zimeufuata. Komeo lake lina meno mawili mbele yanayoshika chuma cha mtambo, na la tatu nyuma kwa usalama. Tunasema meno kwa kuwa ufunguo nao una meno. Ubavuni mwake kuna kipande kirefu cha chuma kinacholishika ganda la risasi tangu linapotoka katika kisanduku mpaka linapotupwa nje. Kipande hicho tunapendekeza kiitwe ukucha, na wafasiri wasiruke kuliita “kitoaji”, kwa sababu kutoa ni nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kushika. Winchester Model 70 iliyotoka mwaka 1936 ilikuwa na ukucha wa namna hiyo. Mwaka 1964 kiwanda kikauondoa ili kupunguza gharama, wanunuzi wakanung’unika kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1990 ukarudishwa. Remington Model 700 ya mwaka 1962 haina ukucha mrefu. Komeo lake huisukuma risasi bila kuishika, na hata hivyo imejulikana sana kwa uthabiti.

Mfano huu unafundisha jambo ambalo neno usahihi lisingeweza kulieleza. Ukucha mrefu hauongezi uthabiti. Unaongeza uhakika kwamba risasi itaingia na ganda litatoka, hata mkono ukitetemeka mbele ya nyati. Anayechagua bunduki ya kulinda mashamba na watu dhidi ya wanyama wakali atautaka ukucha. Anayetaka kuwinda swala kwa mbali ataweza kuishi bila huo. Mahitaji ni mawili, na hati ya ununuzi yapasa iyataje mbalimbali.

Risasi, ganda na chumba

Tumalize na maneno yanayoweza kumfikisha mtu gerezani. Risasi kwa kawaida ni kitu kizima, pamoja na baruti yake, na ni vilevile kile kipande kirukacho. Magazeti yametusaidia kwa kuimarisha maganda ya risasi kwa mabaki yanayookotwa. Tungeongeza kichwa cha risasi kwa kile kirukacho, na tungeliacha risasi liwe jina la kitu kizima. Namba zinazoandikwa ubavuni mwa mtutu, kama .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912 au .416 ya Rigby ya mwaka 1911, zihifadhiwe kama zilivyo pamoja na jina lake. Mfasiri asizigeuze kuwa milimita. Risasi hununuliwa kwa jina lake, na risasi isiyo ya mtutu wake ni hatari kwa mpigaji.

Mahali risasi inapokaa ndani ya mtutu pasiitwe chumba. Fikiria shahidi aliyefasiriwa hivi: “Risasi moja ilikutwa chumbani.” Hakimu atauliza chumba cha nani. Chemba ya bunduki inatosha, mradi neno la pili lisiachwe.

Tunapendekeza, basi, istilahi hizi zifikiriwe na Baraza: uthabiti, mkusanyo, urekebishaji wa kilengeo, ulengaji, dakika ya pembe, mti wa bunduki, shingo, mkono wa mti, mkao wa mtambo, mtutu ulioachiwa nafasi, bunduki ya komeo, meno ya komeo, ukucha, kichwa cha risasi, ganda la risasi, na chemba ya bunduki. Takriban zote ni maneno ambayo seremala, mhunzi na mwenye nyumba wanayatumia kila siku. Kabla hazijasanifiwa, tungeomba zipelekwe katika karakana moja ya silaha na katika karakana moja ya useremala, zisomwe kwa sauti mbele ya mafundi, na kila istilahi ijaribiwe kwa swali moja: ukiambiwa neno hili tu, mkono wako utakwenda wapi? Istilahi ambayo mikono ya mafundi itatawanyika kwayo, kama yale matundu ya bunduki ya pili, irudishwe kwetu tuihakiki upya.